Rangi Ipendwayo: Ushanga, Majina Yake na Hiari ya Mnunuzi kutoka Ujiji hadi Nyangwe (1858-1887)

Vitabu vya wasafiri wa Ulaya waliopita kati ya pwani ya Zanzibar na mto Lualaba katika karne ya 19 vina kurasa ambazo msomaji wa leo aghalabu huzifunua upesi bila kuzisoma: kurasa za shanga. Humo mmeorodheshwa majina, vipimo, bei na, zaidi ya yote, rangi. Nchi hii yataka nyekundu. Ile yaikataa nyekundu na kuitaka nyeupe. Ya tatu haipokei ila nyeusi. Waandishi wenyewe waliziandika kurasa hizo kwa manung'uniko, kama mtu aandikaye juu ya mbu na homa. Kwao upendeleo wa rangi ulikuwa ukaidi wa watu wasiojua thamani ya vitu. Makala hii inakusudia kuzisoma upya kurasa hizo kwa kusimama upande wa pili wa biashara, yaani upande wa yule aliyeutazama ushanga, akaurudisha, akasema kwamba huo hautaki.

Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Speke mwezi wa Februari 1858, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba aina za shanga zilizojulikana katika biashara ya pwani zilikaribia 400, na kwamba aina moja iliweza kuwa na majina matatu au manne. Vipimo vilikuwa vya mkono na uzi: uzi mmoja uliokunjwa uliitwa kete, na kete kumi zilifanya fundo. Shanga zenyewe nyingi zilitoka Venezia, mji wa Italia ambao mafundi wake walivuta kioo kikiwa moto kikawa kama mrija mrefu, kisha wakaukata mrija huo vipande vidogo vidogo. Kwa hiyo fundi wa Venezia, ambaye hakuwahi kuiona Ujiji wala kulisikia jina lake, alikuwa akitia rangi kioo chake kwa kufuata matakwa ya mwanamke wa kando ya Ziwa Tanganyika. Habari za matakwa hayo zilimfikia kwa njia ndefu: kutoka sokoni hadi kwa kiongozi wa msafara, kutoka kwake hadi kwa tajiri wa Kihindi au Mwarabu wa Zanzibar, na kutoka Zanzibar hadi kwa wakala wa meli. Habari ikichelewa, mzigo ulipotea.

Na mizigo ilipotea kweli. Henry Stanley, alipokuwa akijitayarisha Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 1871, alisimulia kwamba Burton na Speke walilazimika kutupa mafundo mamia kadhaa ya shanga zisizotakiwa na mtu. Yeye mwenyewe hakuthubutu kununua kitu mpaka alipokaa na kuuliza wafanyabiashara wa Kiarabu, nao wakamfundisha somo ambalo hakulitazamia. Shanga nyekundu zapokelewa Unyamwezi ambako nyingine zote hukataliwa. Nyeusi, zinazoitwa bububu, ni fedha Ugogo lakini hazina maana popote pengine. Zile kubwa kama yai, sungomaji, zathaminiwa Ujiji na Uguha, yaani ng'ambo ya magharibi ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Nje ya hapo hazinunui hata kuku. Nyeupe zafaa Ufipa, lakini Ukonongo zadharauliwa. Stanley akakaa akipiga hesabu ya siku atakazokaa katika kila nchi, asije akaishiwa na rangi moja huku amelemewa na nyingine. Mwishowe alinunua magunia 22. Mtu aliyejiona bwana wa safari alikuwa amekwisha kupangiwa mizigo yake, kabla hajavuka bahari kwenda Bagamoyo, na wanunuzi ambao hakuwajua.

Katika ukurasa huohuo Stanley aliwafananisha wanawake wa bara na wanawake wa New York wanaochagua vito. Alikusudia mzaha. Hata hivyo mzaha huo una ukweli kuliko maelezo mengi ya watu makini wa wakati wake, maana unakubali kwamba upande wa pili palikuwa na mtu mwenye jicho na uamuzi.

Yapo maelezo ya kiuchumi, nayo hayapasi kupuuzwa. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alilichunguza soko la Ujiji akaona jambo la ajabu. Fedha ya soko hilo ilikuwa ushanga uitwao sofi, mrefu kidogo, uliofanana na kipande cha shina la kiko lililovunjika. Mgeni aliyekuja na ushanga mwingine hakuweza kununua samaki wala mafuta ya mawese. Asubuhi, soko lilipoanza, walikuwepo watu wenye mifuko ya sofi waliowabadilishia wanunuzi. Soko lilipokwisha, watu haohao walizikusanya sofi kutoka kwa wauzaji na kuwapa shanga nyingine. Walipata faida mara mbili. Cameron aliwatambua mara moja: ni wabadilishaji wa fedha kama wale wa miji ya kwao. Basi yule aliyesema kwamba watu wa Ujiji wanashikilia ushanga mmoja kwa ukaidi hakuelewa kwamba alikuwa amesimama mbele ya fedha, na kwamba fedha ikipokelewa kutoka kila upande bila mpaka huanguka thamani. Mji uliokataa ushanga wa kigeni ulikuwa ukilinda soko lake. Wakazi wa Lubumbashi na Kinshasa walioishi katika miaka ya 1990, walioona noti zikibadilika juma kwa juma na mikoa miwili ya Kasai ikikataa noti mpya za mwaka 1993, hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili.

Lakini maelezo hayo yanakoma mahali fulani. Yanaeleza kwa nini soko lilihitaji ushanga mmoja. Hayaelezi kwa nini ni huu na siyo ule. Wala hayaelezi mapenzi. Burton anasimulia kwamba ushanga mwekundu wenye moyo mweupe, ule ulioitwa samesame, ulipewa majina mawili ya utani. La kwanza alilifasiri kuwa kimaliza chakula, kwa sababu mtu angeacha chakula chake aupate. La pili, kivunja mji, kwa sababu wanawake wangeweza kuuangamiza mji kwa ajili yake. Majina ya namna hiyo hayapewi sarafu. Hupewa kitu kinachoingia moyoni.

Ushahidi ulio bora zaidi haukutoka kwa Burton wala Stanley. Ulitoka kwa Chuma na Susi, wale waliokuwa pamoja na David Livingstone hadi kifo chake kwa Chitambo mwaka 1873, na walioongoza safari ya kuuleta mwili wake pwani. Mwaka 1874 walikuwa Uingereza, wakimsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za bwana wao. Waller aliwauliza habari za shanga, akaweka majibu yao katika kitabu. Ni maelezo mafupi tu, lakini kwa mwanafunzi wa lugha yana uzito kuliko orodha ndefu za bei, maana Chuma na Susi hawakutaja rangi; walitaja majina.

Ushanga mwekundu wenye moyo mweupe, walisema, unapendwa kila mahali walikopita. Waswahili wanauita samesame. Wanyasa wanauita kwa jina la damu: Waller aliandika "mangazi", na msemaji wa Kichewa wa leo hulitambua neno magazi bila shida. Huko Umanyema, mbali kabisa na pwani, ushanga uleule ulipendwa kwa jina ambalo Waller aliliandika kwa kufuata sikio la Kiingereza, "masokantussi", na maana yake alipewa kuwa macho ya ndege. Sehemu ya kwanza ya neno hilo ni ndugu wa macho na meso ya lugha zetu. Kitu ni kimoja, kioo ni kimoja, kiwanda ni kimoja. Lakini huku kinaonekana damu, kule kinaonekana jicho la ndege lenye duara na kiini. Mnyasa alitazama rangi ya juu. Mmanyema alitazama rangi pamoja na moyo mweupe unaoonekana tunduni. Hapo ndipo msemo kwamba watu wote walipenda nyekundu unapopoteza maana, kwa sababu hawakupenda nyekundu moja.

Orodha inaendelea. Ushanga mwingine uliitwa macho ya kanga. Ushanga wa waridi uliopendwa na Wayao ulikuwa na jina lililofasiriwa kuwa machicha ya pombe, na mtu aliyewahi kuona machicha ya pombe ya mtama yakibaki chini ya chungu atakubali kwamba aliyetoa jina hilo alikuwa na jicho sahihi, na pengine alikuwa na kiu. Wabisa walipenda ushanga mkubwa wa rangi ya mbingu iliyofifia, nao uliitwa moyo mpya. Ushanga wa thamani kuliko zote ulikuwa mdogo, mweupe na mrefu, ambao ukitungwa ulifanana na pingili za muwa, ukapata jina la muwa. Susi alisema kwamba kusini mwa Tanganyika ratili moja ya ushanga huo ilinunua pembe ya ndovu ambayo mtu mwenye nguvu hangeweza kuibeba zaidi ya saa mbili.

Mahali hapa isimu yaweza kuisaidia historia. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa kitabu chekundu, watu weusi, maua meupe. Rangi nyingine zote hazikubali hivyo; hutumia kiunganishi na jina la kitu. Kijani ni jani, manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, majivu ni majivu. Hata neno rangi lenyewe ni la Kiajemi. Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969 juu ya majina ya msingi ya rangi, walikiweka Kiswahili miongoni mwa lugha 20 walizozichunguza kwa kuwauliza wasemaji, na wakadai kwamba lugha zote za dunia hupata majina hayo kwa utaratibu mmoja: nyeupe na nyeusi kwanza, nyekundu inafuata, kisha kijani na manjano, halafu buluu na zilizobaki. Dai hilo limebishaniwa sana. Inatosha kusema kwamba, likisomwa haraka, linamfanya msemaji wa lugha yenye majina matatu aonekane kama mtu ambaye jicho lake halijafika mwisho wa safari.

Shanga zinakanusha wazo hilo. Watu wenye majina matatu ya msingi walibagua mamia ya shanga, wakazikataa zilizotofautiana kidogo tu, wakawafilisi wafanyabiashara waliodhani kwamba buluu ni buluu. Hawakukosa majina, walikuwa na njia nyingine ya kutaja. Walichukua kitu walichokijua, jani, jicho, muwa, damu, wakakiweka juu ya rangi. Njia hii ina hasara yake kwa mtu anayetaka orodha, lakini ina faida ambayo neno buluu, mgeni aliyeletwa na lugha za Ulaya, haina: jina linabeba tayari sababu ya kupenda. Anayesema kwamba anapenda buluu bado hajasema kitu. Anayesema kwamba anapenda moyo mpya amekwisha kueleza nusu ya habari.

Ni kweli kwamba vivumishi vile vitatu si matokeo ya bahati tu. Victor Turner, katika maandishi yake ya miaka ya 1960 juu ya Wandembu, jamaa za Walunda, alionyesha jinsi nyeupe, nyekundu na nyeusi zinavyoshika sehemu kubwa ya ibada zao. Na Anita Jacobson-Widding alifanya uchunguzi wa namna hiyo kwa watu wa Kongo ya Chini katika kitabu cha mwaka 1979. Mpemba, udongo mweupe, unajulikana Katanga na Kasai kote kuwa ni alama ya baraka na ya mizimu. Hata hivyo utatu huu usigeuzwe kuwa ufunguo wa milango yote. Katika masimulizi ya Waluba juu ya asili ya ufalme, Nkongolo, mfalme mkatili, ndiye mwekundu. Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyemzaa Kalala Ilunga, ndiye mweusi, na weusi wake wenye kung'aa ndio uzuri na adabu ya kifalme. Basi hapa nyekundu, ile iliyopendwa shingoni, yatiliwa shaka katika simulizi. Na nyeusi, ile ambayo ushanga wake ulidharauliwa nchi nyingi, yatukuzwa katika mwili wa mtu. Hakuna kinzano. Rangi ya ngozi ya mfalme, rangi ya udongo wa ibada na rangi ya kioo cha Venezia ni mambo matatu, na mtu aweza kupenda kila moja kwa sababu yake. Kosa la wataalamu wengine ni kutaka rangi iwe na maana moja kila iendako, kama neno la kamusi.

Chuma alifanya jambo jingine tena mwaka huo. Alipokuwa akionyeshwa shanga, aliinyoshea kidole moja, ndefu, ya namna yake, akasema kwamba hii aliiona Umanyema, mwisho wa nchi alizofika Livingstone. Waller alielewa maana yake: ushanga wa namna ile ulipelekwa pwani ya magharibi ya Afrika tu, haukupelekwa kamwe pwani ya mashariki. Kwa hiyo Umanyema ndipo mahali ambapo mikondo miwili ya biashara ilikutana, ule wa Zanzibar na ule wa Wareno wa Atlantiki. Jambo ambalo wanajiografia walilitafuta kwa vyombo vya kupimia nyota lilithibitishwa kwa kumbukumbu ya jicho la kijana wa Kiyao aliyejua watu gani walipenda nini. Katika historia ya Kongo ya mashariki ushahidi huu unastahili kutajwa mara nyingi kuliko unavyotajwa.

Yafaa sasa kuuliza hiari hiyo ilidumu muda gani. Upendeleo wa mnunuzi una nguvu maadamu muuzaji anahitaji ridhaa yake. Kati ya pwani na Ujiji, ambako watemi walitoza hongo na misafara ilitegemea vyakula vya vijiji, ridhaa hiyo ilihitajika, nayo ikamgharimu Stanley magunia 22. Umanyema mambo yalikuwa yakigeuka wakati uleule. Nyangwe, kando ya Lualaba, palikuwa na soko kubwa lililojazwa hasa na wanawake, waliokuja kwa mitumbwi na vichwani wakiwa na samaki, vyungu, mihogo na kuku. Livingstone, aliyefika hapo mwezi wa Machi 1871, alipenda kulitembelea, akasifu ukali wa wanawake hao katika kupatana bei. Tarehe 15 Julai aliona watu watatu wa misafara wakiingia sokoni na bunduki. Mmoja wao alikuwa akishindania bei ya kuku. Mara risasi zikaanza, na wengine wakafyatua kutoka upande wa mtoni kuwapiga waliokimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa, kwa risasi na kwa maji, kuwa kati ya 330 na 400.

Sababu za mauaji hayo zilikuwa pana kuliko kuku mmoja. Wenye misafara walitaka kuitia hofu nchi nzima. Lakini haikosi maana kwamba yalianzia katika mabishano ya bei, mbele ya mtu aliyekuwa akikataa alichopewa. Pembe iliyochukuliwa kwa bunduki haidai samesame wala sofi. Miaka ya 1870 ilipokwisha, sehemu kubwa ya pembe za Umanyema zilipatikana kwa vita, kwa kodi na kwa kukomboa watu waliotekwa, na msafara ulibeba baruti kuliko ulivyobeba kioo. Shanga hazikutoweka, zilibaki shingoni, viunoni na katika ibada. Kilichotoweka ni ile hali ya kwamba tajiri wa Zanzibar hakuweza kulala mpaka apate habari ya rangi ipendwayo huko bara.

Dola Huru ya Kongo, iliyotangazwa mwaka 1885, ilikamilisha badiliko hilo kwa njia ya ofisi. Mtu aliyedaiwa mpira na pembe hakuulizwa alipwe kwa rangi gani. Mwaka 1887 dola hiyo ilitoa sarafu zake za kwanza. Zile ndogo za shaba, za santimu 1, 2, 5 na 10, zilikuwa na tundu katikati, hata zikaweza kutungwa katika uzi kama kete ya shanga. Zote zilikuwa za rangi moja.